Jinsi ya kuwatembeza watoto Mji Mkongwe wakaona wenzao wa zamani walisomaje

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu Unguja nilifanya kosa ambalo wazazi wengi tunalifanya. Tumeshuka boti, papasi, wale vijana wanaonyemelea wageni, wametuzunguka pale getini, nikamchukua mmoja akatutembeza masaa matatu, mlango huu wa Kihindi, mlango ule wa Kiarabu, hapa alikaa sultani fulani, pale alikaa sultani mwengine, mpaka tunafika Shangani mwanangu mdogo amekaa chini ananiuliza "mama, baharini tunaenda saa ngapi?" Hela ikaenda na maji. Na mie mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko, nimeolewa tu Dar, kwa hiyo aibu ilinipata mara mbili.

Safari ya pili nikabadilisha. Nikaachana na masultani, nikashika uzi mmoja tu: watoto wa umri wenu zamani hapa walisoma wapi, walikaa juu ya nini, waliandikia nini, na walichapwa kwa kosa gani. Hiyo ya kuchapwa ndo iliwaamsha kabisa. Basi tangu hapo nimeshawatembeza na watoto wa ndugu zangu, na wa majirani, na hivi ndo ninavyofanya, chukua unachokitaka.

Anza nyumbani, wiki moja kabla, usisubiri kufika. Tengeneza nao wino. Bibi yangu alikuwa anakwangua masizi ya sufuria, anasaga laini, anachanganya na gundi ya mti na maji kidogo kidogo mpaka inakuwa nzito kama uji mwepesi. Kalamu ni utete au kijiti cha mwanzi, unakichonga ncha kwa mshazari alafu unaipasua kidogo katikati ili wino ushuke. Ubao wowote laini utakufaa, hata ule wa kukatia mboga uliochakaa (ushaona, usiwe ule unaoupenda). Mwambie mtoto aandike alifu, bee, tee, kisha auoshe na maji aandike tena. Dakika kumi tu mikono yote itakuwa myeusi na ukuta pia, lakini hapo ndo ataelewa kitu ambacho huwezi kumweleza kwa mdomo, kwamba daftari halikuwepo, ulichoandika leo kesho unakifuta, kwa hiyo lazima kikae kichwani. Elimu yote ya chuoni ilisimama hapo.

Na neno "chuo" wafafanulie mapema kwa sababu watoto wa siku hizi wakisikia chuo wanafikiria UDSM. Kwetu chuo ilikuwa ni baraza ya mwalimu, au ukumbi wa nyumba yake, jamvi limetandikwa, watoto wamekaa kitako wanapiga makelele kila mmoja na sura yake ya Kurani, wakubwa wanawasomesha wadogo, mwalimu kaegemea kwenye mto fimbo iko pembeni. Mzazi akimpeleka mtoto siku ya kwanza anamwambia mwalimu "nyama yako, mifupa yangu", yaani mchape utakavyo mradi unirudishie akiwa hai. Mwanangu mkubwa aliposikia hiyo alinitazama jicho la ajabu. Ada ilikuwa ndogo, inapelekwa Alhamisi, na mtoto alimtekea mwalimu maji na kumwokotea kuni, na Ijumaa hakuna chuo. Akihitimu msahafu mzima panakuwa na khitma, nguo mpya, watu wanakula. Siwaambii watoto kwamba ilikuwa raha tu wala kwamba ilikuwa mateso tu, nawaacha waulize.

Sasa safari yenyewe. Kama unatoka Dar boti ya asubuhi inachukua kama masaa mawili, lakini nakushauri ulale, usifanye kwenda na kurudi siku moja na watoto utajuta. Beba kitambulisho chako, sehemu nyingi zenye kiingilio raia ana bei yake na mgeni ana bei yake. Nguo ziwe za heshima, mabega na magoti yafunikwe, na watoto wa kike ukiwa na mtandio mwepesi kwenye mkoba utakusaidia mkipita karibu na misikiti. Anzeni saa mbili asubuhi, saa sita mkapumzike, jua la Mji Mkongwe linapiga kwenye kuta za chokaa linarudi, rudini barabarani saa kumi.

Kituo cha kwanza mie naanza Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana, ingawa ni pazito. Hapa palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ikaanza kujenga kanisa mwaka huo huo, Askofu Edward Steere ndo alisimamia, na amezikwa humo humo nyuma ya altare. Watembezaji wengi watakuhadithia soko na Livingstone basi. Wewe waambie watoto habari ya wanafunzi. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni hiyo wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, na hao ndo walikuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni hapa Unguja. Fikiria, mtoto hajui yuko nchi gani, lugha haijui vizuri, wazazi hajui walipo, anawekwa mbele ya mzungu anafundishwa a, e, i, o, u. Mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi 1879. Baadaye misheni ikawa na skuli ya wavulana Kiungani, nje kidogo ya mji, na mmoja aliyepita huko, Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadri 1890, Mwafrika wa kwanza kwenye misheni ile. Na wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe habari za walivyotekwa na kuuzwa, zikakusanywa na Arthur Madan na kuchapishwa 1887. Hii mie huwaambia watoto hivi: insha mnayochukia kuandika kuna wenzenu waliiandika, na mada ilikuwa "nilivyouzwa".

Kuna vyumba vya chini pale kwenye jengo la jirani ambavyo watu huonyeshwa kama mahabusu ya watumwa. Mtoto wa chini ya miaka minane simuingizi. Na ukiwa na mkubwa mwambie ukweli kwamba jengo lile misheni walilijenga baada ya soko kufungwa, kwa hiyo wanahistoria wanabishana kuhusu vile vyumba, lakini soko lenyewe halina ubishi, lilikuwepo hapo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kubeba habari yenye pande mbili, sisi wakubwa ndo tunaogopa. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998, hapo simameni kimya kidogo.

Ukitoka hapo usiende mbali. Mitaa hiyo hiyo ya Mkunazini na Ukutani ndo ilikuwa kitovu cha elimu ya dini cha mwambao mzima. Msikiti Gofu na madrasa ya Ukutani vilikuwa na darsa za Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, na mwenzake Sayyid Ahmed bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, wote wawili wakafariki mwaka mmoja, 1925. Watu walikuja kusoma kutoka Lamu, Mombasa, Ngazija, wanakaa mjini miezi na miaka. Kwa mtoto nasema hivi tu, kabla hapajawa na chuo kikuu chochote Afrika Mashariki, aliyetaka kusoma juu zaidi alipanda jahazi akaja hapa kwenye hivi vichochoro. Ndani ya msikiti msiingie kama watalii. Kama nyie Waislamu ingieni msali, kama si Waislamu uliza kwa adabu, ukiambiwa hapana ni hapana. Kamera weka mfukoni.

Hapo hapo anza mchezo wa milango, huu ndo umeokoa safari zangu zote. Milango mingi ya zamani ina maandishi ya Kiarabu juu yake, aya mara nyingi, na mengine yana mwaka. Wape watoto karatasi yenye tarakimu za Kiarabu kabla hamjaanza kutembea, wawe wanawinda mwaka. Mitego ni hii: tano yao ni kiduara kama sifuri yetu, sifuri yao ni nukta tu, sita yao inafanana na saba yetu, saba ni kama V na nane ni V iliyopinduliwa. Wakiupata mwaka utakuwa wa Hijria, sasa hesabu: toa tatu kwa kila mia, alafu jumlisha 622. Mfano 1300, unatoa 39 inabaki 1261, jumlisha 622 unapata 1883, ambao ndo mwaka Barghash alijenga Beit el Ajaib, ile nyumba kubwa tutakayoifikia jioni. Inakuja karibu tu, inaweza kupishana mwaka mmoja, ila kwa kuwinda milango inatosha. Mshindi ananunuliwa juisi ya miwa. Wanangu walikataa kwenda kula mpaka wapate mlango wa nne, mimi ndo niliyekuwa nabembeleza tuondoke!

Alafu watafutie mzee. Hili ni kubwa kuliko majengo yote. Jaws Corner au baraza yoyote yenye kahawa utakuta wazee wanacheza keram, dhumna au wanabishana mpira. Usiwavamie na simu mkononi. Toa salamu, watoto watoe shikamoo wenyewe wasisukumwe, agiza kahawa na kashata, kaa. Baadaye ndo uulize "babu, wewe chuo ulisoma mtaa gani?" Basi, umefungulia mfereji. Mmoja alituimbia alivyofundishwa kusoma irabu, akapiga na goti kabisa, mwengine akamkatiza kwamba kwao Malindi hawakuimba hivyo, wakaanza kuzozana wenyewe kwa wenyewe, watoto wangu wanacheka mpaka machozi. Mzee mmoja akawaonyesha jinsi walivyokuwa wakiiba embe njiani alafu wanaosha midomo kwa mchanga ili mwalimu asinuse. Hayo mtembezaji wa kulipwa hakupi. Na usitoe pesa kwa mzee kana kwamba unalipa tiketi, lipia kahawa ya baraza nzima, inatosha na ni heshima.

Kuhusu skuli za serikali (nyie wa bara mnaita shule, sisi skuli, watoto watacheka, waache) habari yake ni fupi lakini ina utamu. Skuli ya kwanza ya serikali ilifunguliwa 1905 na wazazi wengi hawakuitaka, kwa sababu Kurani haikuwemo na waliona mtoto atapotezwa, kumbuka mji mzima ulikuwa unajua skuli za wazungu ni za misheni. Serikali ikabidi iingize Kurani na dini kwenye ratiba ndo watu wakaanza kulegea. Na kulikuwa na jambo la herufi. Watu wa hapa walikuwa wanajua kusoma na kuandika siku nyingi, barua, hesabu za duka, mashairi, ila kwa herufi za Kiarabu. Skuli zikaja na herufi za kizungu, na mtu aliyekuwa msomi jana akaonekana leo hajui kusoma. Bibi yake mama yangu aliandika barua zake zote hivyo na kwenye karatasi za serikali alipiga dole gumba. Wasichana walingoja zaidi, skuli yao ya serikali ilifunguliwa 1927. Tofauti za rangi na kabila zilikuwemo pia, Wahindi skuli zao, Waarabu wanapendelewa, mtoto wa shamba anabaki nyuma, mpaka yalipotokea Mapinduzi na tarehe 23 Septemba 1964 Karume akatangaza elimu bila malipo kwa wote. Ndo maana Septemba ukienda Zanzibar unakuta wanafunzi wana shamrashamra zao.

Mchana mkishapumzika, jioni teremkeni Forodhani kwa njia ya Hurumzi. Beit el Ajaib ni ile nyumba kubwa yenye saa, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo msitarajie kuingia ovyo ovyo, itazameni kwa nje, na jumba la sultani la jirani uliza kwanza kama liko wazi siku hiyo. Lakini kaeni pale mbele mkitazama bahari, na hapo ndo mahali pa kumhadithia mtoto habari ya Sayyida Salme.

Huyu alizaliwa 1844 kwenye kasri la Mtoni, binti wa Sultani Sayyid Said. Kwenye kumbukumbu alizoandika akiwa Ujerumani anasimulia walivyosomeshwa, watoto wa mfalme wamekaa kwenye mkeka barazani, mwalimu mmoja mwanamke kutoka Omani, msahafu mmoja, na fimbo iko pale pale, ufalme haukumwokoa mtu. Wavulana walifundishwa kuandika, wasichana kusoma tu. Salme akakataa. Akajifundisha kwa siri, akiwa ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana mfupa mpana uliokaushwa ndo ulikuwa ubao wao. Walipomgundua walimsema sana. Alafu 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na aliyejua kuandika ni nani? Binti wa miaka kumi na tano. Njama ikashindikana, mambo yake mengine ya kutoroka na Mjerumani 1866 mtayasoma wenyewe, lakini binti yangu hakutaka kusikia habari ya mapenzi, alitaka kujua mfupa wa ngamia unapatikana wapi. Nikamwambia sokoni Darajani kuna mifupa ya ng'ombe, akaniambia si sawa.

Kama mna siku ya pili, nendeni Mtoni kwenyewe, kaskazini mwa mji, dakika chache kwa daladala, magofu ya kasri yako kando ya bahari, na watoto watakaa pale pale alipozaliwa. Na kama wana nguvu bado, elekeeni kusini Mbweni, njia ya uwanja wa ndege, ambako UMCA walikuwa na kijiji cha watumwa walioachiwa huru na skuli ya wasichana. Caroline Thackeray aliisimamia kuanzia 1877 mpaka 1902 na hakurudi kwao, alifia huku huku 1926. Magofu ya skuli na kikanisa chake yapo mpaka leo, miti imeingia ndani, pazuri kweli, ila ni eneo lenye wenyewe, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuingia. Wasichana waliosomea hapo wengi waliishia kuolewa na wavulana wa Kiungani, walimu wakaoana na walimu, wakasambazwa Magila, Masasi mpaka Nyasa, na kama familia yenu ni ya Kianglikana ya upande huo, waulize wazee wenu majina, msishangae mkajikuta mmefika kwa bibi wa bibi yenu. Kwa familia mbili ninazozijua imetokea hivyo hivyo.

Na jambo la mwisho la ratiba, msiondoke mjini bila kupita vichochoro baada ya Alasiri. Muda huo watoto wa mjini wanakwenda madrasa, kanzu nyeupe, kofia zimekaa upande, wasichana na mitandio yao, msahafu kwapani, wengine wanakimbia kwa sababu wamechelewa. Utawasikia kabla hujawaona, sauti zinatoka madirishani, wote kwa pamoja, mmoja amepotea amewahi mbele. Tulisimama pale Kiponda, mwanangu mdogo yule wa "baharini saa ngapi" akasikiliza, akanishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "mama, yule wa mwisho amekosea, mwalimu atamchapa?" Mlango wa madrasa ulikuwa nusu wazi, akachungulia. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, anachezea simu.